Kiongozi wa kweli ni yupi? Maswali yanayoulizwa na vikundi vya Mombasa

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi: vibarazani, kwenye mikutano ya vikundi vya akina mama, kwenye timu za mpira za vijana, kamati za misikiti na vyama vya akiba, tangu Likoni mpaka Kisauni, Changamwe mpaka Mji wa Kale. Nimewahi kuwa katibu, mweka hazina, na kwa miaka minne mwenyekiti. Wabunge na magavana sitawagusa sana hapa, wana wasemaji wengi. Namzungumzia yule mtu unayemkabidhi daftari na pesa zako leo, na kesho mnakutana dukani mkinunua sukari. Maswali nimeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza.

Kiongozi wa kweli ni mtu wa namna gani?

Ni mtu anayejua kwamba alichokishika si chake. Neno lake tunalo: dhamana. Ukisafiri ukamwachia jirani ufunguo wa nyumba, hutarajii alale kitandani mwako wala auze viti. Unatarajia aufunge mlango, na ukirudi akwambie, "Bomba la jikoni lilivuja Jumanne, nikamwita fundi, nikalipa mia tano, risiti yake hii." Hukumuuliza. Amekueleza mwenyewe kabla hujavua viatu.

Watu hunitajia sifa nyingi: ujasiri, busara, ufasaha, subira. Zote ni njema, lakini nimeona zinavyogeuka pale hii ya kwanza inapokosekana. Jasiri asiyejali dhamana huutumia ujasiri wake kuwanyamazisha wenzake. Msemaji mzuri huwazungusha kwa maneno mpaka mnasahau mlichokuja kuuliza.

Wazee wana msemo: mkubwa ni jalala. Kila mtu atamtupia lake, la haki na la uongo, naye lazima apokee bila kumrudishia kila mmoja taka zake mlangoni. Mtu asiyestahimili lawama akipewa uongozi, wanachama huondoka mmoja mmoja mpaka wanabaki wale wanaomsifu.

Tunachagua mwenyekiti wiki ijayo. Tumtazame vipi mtu kabla ya kumpa kura?

Yatazame mambo madogo ambayo hakujua kama anatazamwa. Muulize mama wa mahamri kama deni la mwezi uliopita limelipwa. Tazama mchango wake mwenyewe huingia tarehe ngapi. Msikilize anavyosema na mtu asiyeweza kumfaa kitu: mchukuzi wa maji, msichana wa kazi, mtoto aliyetumwa ujumbe. Akishindwa kwa hoja mkutanoni, huendelea na kazi au hununa mwezi mzima? Akipewa siri ya ndoa ya mwanachama, mnaisikia wapi?

Nitawapa mfano mmoja ambao haujanitoka moyoni. Kuna mwaka mifereji ilikauka mtaani kwetu Kisauni kwa wiki kadhaa, na kikundi chetu kilikuwa na kioski cha maji chenye matangi mawili. Foleni ya mitungi ilipinda mpaka nyuma ya msikiti. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya bandarini. Mjukuu wake alikuja na mtungi wa lita ishirini, na kijana wa kioski alipomtambua akamwita mbele. Mzee alikuwa amekaa pale kivulini. Akainuka bila neno, akauchukua ule mtungi, akaurudisha mwisho wa foleni, akasimama na mjukuu wake juani. Hakutoa hotuba. Mimi nilikuwa kwenye foleni ile, na wanawake waliokuwa wakigombana dakika moja nyuma walinyamaza.

Miezi michache baadaye ilibidi bei ya mtungi ipande kwa shilingi mbili ili pampu itengenezwe. Mahali pengine hilo lingezua ugomvi. Kwetu watu walilipa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameona mtungi wa nani ulisimama wapi.

Lazima awe amesoma?

Ajue kusoma hesabu, au awe na unyenyekevu wa kumwomba katibu azisome kwa sauti mbele ya wote. Cheti peke yake hakijawahi kumlinda mtu na pesa za wenzake. Baadhi ya hasara kubwa nilizoziona ziliandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

Baadhi ya wazee wetu hawataki kuongozwa na mwanamke. Tuwaambieje?

Waambieni wakumbuke pwani hii ilivyokuwa. Mapokezi ya Mombasa yenyewe yanamtaja Mwana Mkisi, malkia, kabla ya kumtaja Shehe Mvita aliyetawala baada yake. Na mwaka 1913, serikali ya kikoloni ilipowataka vijana wa Kigiriama kwa kazi na wazee kwa kodi, aliyewasimamisha watu alikuwa Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane. Alizunguka vijijini na ngoma ya kifudu, watu wakakusanyika, wakala kiapo kwenye kaya, msitu wao mtakatifu. Walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata walitoroka wakarudi kwao, safari ya mamia ya kilomita.

Hakuwa na shule, wala hakuwa na cheo alichopewa na mtu. Alikuwa na jambo moja ambalo watu walilithibitisha kwa macho yao: alichowataka wao wakistahimili alikistahimili yeye kwanza.

Na kama hayo ya zamani hayawagusi, waulizeni wazee hao mchezo wa nyumbani kwao unaendeshwa na nani. Katika mitaa mingi ya Mombasa, akina mama wanazungusha pesa kila wiki bila ofisi wala mlinzi, na kila mmoja anapata zamu yake. Mwanamke anayeweza kumkumbusha shemeji yake deni bila ya kuvunja udugu anaweza kuendesha kikundi.

Na vijana? Tunaambiwa ngoma ya watoto haikeshi.

Tom Mboya alizaliwa Agosti 1930. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955, yeye, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alikuwa na miaka 24. Alikuja hapa, akawasikiliza, kisha akawaambia jambo gumu kwa umati wenye hasira: rudini kazini, niachieni madai yenu niyapeleke mezani. Walirudi, naye akayafuatilia mpaka mshahara ukaongezwa. Kijana anayetaka kupigiwa makofi tu angewaambia waendelee kukaa.

Kwa hiyo umri usiwe sababu ya kumkataa mtu wala ya kumpitisha. Nimeshaona kamati za vijana zilizodai nafasi kwa jina la ujana, na zilipoipata zikafanya yale yale waliyokuwa wakiyalaani.

Mbona tulimchagua mtu mwema, akaharibika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa uchungu zaidi, na mara nyingi anayeuliza ameshapoteza akiba yake. Jibu langu haliwapendezi wengi: mara nyingi tulishiriki kumharibu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwezi wa kwanza mwenyekiti analeta risiti zote, tunasema, "Aa, kaka, sisi tunakuamini, weka tu." Tunadhani tumemheshimu. Mwezi wa tatu haleti, na hakuna anayeuliza, kwa sababu kuuliza kumeshakuwa ni kumshuku. Mwezi wa sita mtu mmoja anathubutu kuuliza, na wenzake wanamgeukia: "Wewe una roho mbaya." Hapo mlango umefunguliwa, na pengine mtu mwenyewe hata hajaona kwamba ameingia. Anaanza kwa kukopa. Kila anayeiba pesa za kikundi ninayemjua alianza kwa kukopa, tena kwa nia ya kurudisha.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Huo ndio wasia wa wazee kuhusu tabia ya binadamu, na dawa yake si kumtafuta mtu ambaye hatavutia ngozi. Wambeni ngoma wawili au watatu, kila mmoja upande wake. Akaunti iwe na saini tatu. Salio lisomwe kila mkutano, hata kama halijabadilika, hata kama mvua inanyesha na watu wanataka kwenda. Pesa za kikundi zisilale kwenye simu ya mtu, hata awe nani. Kiongozi wa kweli mtamjua hapa, maana yeye ndiye atakayeyadai haya kabla yenu. Anajua kwamba siku akidhulumiwa kwa uvumi, daftari ndilo litakalomtetea.

Na mwanachama anayeuliza, mwekeni karibu. Kikundi kisicho na mtu wa kuuliza kinamnyima kiongozi wake msaada.

Kiongozi afanye nini akikosea?

Hapa nina la kusema kutoka nyumbani kwangu.

Mwaka 2011 nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba. Pesa zilikaa kwenye M-Pesa yangu, kosa ambalo nimelitaja hapo juu. Usiku mmoja mtoto wa dada yangu alizidiwa, tukamkimbiza hospitali, wakataka malipo ya kwanza kabla ya kumlaza. Nilituma shilingi elfu kumi na nne. Zangu zilikuwa elfu mbili tu. Nikajiambia nitazirudisha Ijumaa. Ijumaa ile ilipita, na iliyofuata, na ya tatu. Siku moja Bi mmoja wa kikundi akaniuliza njiani, kwa upole tu, salio ni ngapi. Nikamjibu, "Nitaleta hesabu mkutanoni." Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Sikuwa nimesema uongo, lakini nilijua nilichokuwa nikifanya na yale maneno.

Jumapili nilisimama kabla ajenda haijafunguliwa, nikasema kiasi, nikasema siku niliyozichukua na sababu, nikasema nitalipa vipi. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mama mkubwa kuliko wote pale akasema, "Mwanangu, ungetuomba tungekupa."

Nililipa kwa miezi minne. Waliniondoa kwenye hazina, na kwa miaka miwili nilikuwa mwanachama wa kawaida, nikikaa nyuma. Walifanya sawa. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na sasa ni mkubwa kunipita kimo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo afanye nini, namwambia: taja kosa kwa jina na kwa tarakimu. Usiseme "kulitokea hitilafu," sema "nilichukua." Usiwataje wengine waliokosea kabla yako. Sema utakavyotengeneza na lini, kisha kaa chini uwaache wenye mali waamue bila ya wewe kuwaomba kwa machozi. Ukiondolewa, endelea kuja mikutanoni. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Anayeutaka uongozi kwa nguvu, tumuogope?

Katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuna kisa cha Abu Dharr, sahaba mwema kabisa, alipoomba apewe madaraka. Hakupewa. Aliambiwa kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo, na kwamba uongozi ni amana. Mimi hunifunza zaidi lile la kwanza: mtu anaweza kuwa mchamungu, mkweli, mpendwa, na bado kazi hii isiwe yake. Tunapenda kumpa uenyekiti kila mtu tunayempenda, kisha tunampoteza rafiki na kikundi pamoja.

Lakini msimchanganye mwenye uchu na mwenye kujitolea. Mwenye kujitolea ameshaanza kazi kabla ya uchaguzi. Ndiye aliyekuwa akikusanya viti baada ya mkutano. Mwenye uchu mnamwona wiki mbili kabla ya kura akisalimia watu ambao hakuwajua.

Mwanasiasa amempa mwenyekiti wetu bahasha. Ni yake au ni ya kikundi?

Ya kikundi. Swali hili huja kila mwaka wa uchaguzi, na huvunja vikundi zaidi ya ukame wa pesa.

Nawapa kipimo. Katiba ya Kenya ya 2010, Sura ya Sita, inasema mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni dhamana ya umma, na kwamba yanampa jukumu la kuwahudumia watu kuliko uwezo wa kuwatawala. Hiyo ni Ibara ya 73. Ukienda Ibara ya 76, zawadi anayopewa afisa huyo kwenye hafla ya umma au ya kikazi huhesabiwa kuwa zawadi kwa Jamhuri, na lazima aikabidhi, isipokuwa pale sheria ya Bunge imeruhusu. Sheria hiyo iliandikwa kwa maafisa wa serikali, haimfungi mwenyekiti wenu wa kikundi cha kushona. Lakini sababu yake ni ile ile. Yule mheshimiwa hakumpa bahasha kwa sura yake. Alimpa kwa sababu nyuma yake mko watu sitini wenye kura.

Mwenyekiti aifungue mbele ya kamati, ihesabiwe, iandikwe, na mkutano uamue kama itapokelewa au itarudishwa. Na atakayewaambia "ile ilikuwa ya nauli yangu tu," mwombeni aseme nauli ya kwenda wapi. Nasema hivi kwa ukali kwa kuwa nimeona mama aliyekuwa na duka la leso, mwenyekiti aliyependwa miaka saba, akipoteza jina lake kwa elfu tano alizozificha. Hakuwa mwizi. Aliona haya kuzitaja siku ya kwanza, na siku ya pili haya ikazidi.

Kiongozi awaambie watu ukweli hata wasioupenda?

Ndiyo, lakini kwa lugha wanayoielewa, na akiwa miongoni mwao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa hapa Mombasa mwaka 1891, alianza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Angeweza kujifungia na wanazuoni wenzake wakazungumza Kiarabu. Alichagua kuandika kwa Kiswahili pia, ili mwenye duka na baharia wasome, na humo aliwakosoa watu wake mwenyewe kwa uzembe wa kutotafuta elimu na kwa mila alizoona zinawarudisha nyuma. Wapo waliokasirika. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Ukweli unaosemwa kwa kejeli, au ukweli anaosemewa mtu akiwa hayupo, siuhesabu humu.

Je, kikundi kinaweza kusimama kiongozi wetu akiondoka ghafla?

Inategemea alikuwa akifundisha au alikuwa akibeba peke yake. Mombasa ina mifano miwili ambayo mimi huisimulia pamoja.

Januari 1947 wafanyakazi wa mji huu waligoma, kuanzia bandarini na reli mpaka mahotelini na majumbani. Walikutana kwenye uwanja Majengo, wenyewe wakauita Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulizaa African Workers' Federation, shirikisho la wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake, mtu shupavu na mwandishi. Agosti mwaka huo huo serikali ilimkamata, ikampeleka Kabarnet. Shirikisho halikuchukua muda mrefu baada yake. Simlaumu Kibachia hata kidogo. Hakupewa nafasi ya kumaliza kazi, aliporwa uhuru wake. Lakini aliyemkamata alijua alichokuwa akikifanya: aliona nguzo ni moja.

Mwaka huo huo wa 1947 Sheikh Al-Amin alifariki. Lakini kulikuwa na wanafunzi aliowakalisha darasani miaka mingi. Mmoja wao, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, naye akaja kuwa Kadhi Mkuu.

Basi mwulizeni kiongozi wenu leo: nani mwingine anajua neno la siri la akaunti? Nani ameshawahi kuendesha mkutano wewe ukiwa umekaa pembeni? Akicheka na kusema, "Bila mimi hapa hapaendi," jueni ana kazi kubwa ambayo hajaianza.

Miaka mingapi inatosha?

Katiba ya kikundi iseme, na iwe imeandikwa kabla hamjamchagua mtu, maana kuiandika akiwa kitini huonekana kama kumfukuza. Vikundi vingi huweka miaka miwili au mitatu, mara mbili. Inatosha. Waliobakia zaidi ya hapo kwetu walibaki kwa sababu walikuwa wazuri, na uzuri wao ukachosha wenzao.

Kukabidhi madaraka kunafanywaje?

Kwa vitu mkononi na mashahidi. Mhuri. Daftari la mihutasari, lisilokosa kurasa. Kitabu cha hesabu kikiwa kimefungwa kwa mstari na saini chini yake. Orodha ya wanachama na ya wadaiwa, pamoja na madeni ambayo aliyetoka alikuwa akiyaonea haya. Saini za benki zibadilishwe wiki hiyo hiyo. Ufunguo wa stoo ya viti.

Yule mzee wa kioski alipomaliza muda wake alikuja na vyote kwenye mfuko wa makuti, akavipanga juu ya jamvi, kimoja kimoja, huku katibu akisoma na sisi tukiangalia. Ilichukua karibu saa nzima. Mwisho akatia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa shilingi arobaini, mbili za ishirini, akasema ni chenji ya kalamu zilizonunuliwa mwezi uliopita, alikuwa amesahau kuziandika. Katibu akaziandika. Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye foleni ya maji na mtungi wake, akizungumza na watu wa nyuma yake.